Bapeti ba garaji, muache kuamini shevo peke yake

Bapeti benye munaanza kazi mu garaji hapa Lubumbashi, tuongee kidogo juu ya shevo, njo kipimo cha nguvu ya moteri. Kiliya anaingiza gari ya Japon, anajivuna moteri iko na shevo 160, na nyinyi munaitika tu. Muulize kwanza kilo, na muongeze kilo za shofere pamoja na esansi, juu moteri inabeba vyote. Kama mizani ya malori iko karibu, mupitishe gari pale, makaratasi inasahau ile bafle kubwa ya nyuma.

Hesabu njo hii, ni ya mwandishi wa magari wa Marekani, Roger Huntington: gawa kilo kwa shevo, tafuta kipeuo cha tatu (simu iko nayo), zidisha na 8,2, unapata sekonde za kukimbia mita 402 toka gari imesimama, njo robo maili yabo. Kilo 1.280 kwa shevo 160 ni 8, kipeuo ni 2 (juu 2 × 2 × 2 ni 8), basi sekonde 16,4. Kasi yenye gari iko nayo pa kumaliza ile mita 402, gawa 277 kwa kipeuo kile kile, inatoka kama kilomita 138 kwa saa.

Sasa juu ya kipeuo hicho, kuzidisha shevo mara mbili hakukatishi muda nusu, inashuka ku 13 tu, na kutoa asilimia 10 ya uzito inapunguza kama asilimia 3 na kitu. Kiliya mwenye kuuziwa filtre "ya kukimbia" hapendi kusikia hii, lakini mumuambie.

Na shevo za makaratasi zinahesabiwa chini kule ku bahari. Huku tuko karibu mita 1.200, hewa nyepesi, moteri bila turbo inapoteza kama asilimia 12, ile 160 inabaki 140 hivi, kwa hiyo mungojee sekonde 17 na kasi 132.

Kasi hiyo njo ya kuangalia sana. Gari ikifika na 132 lakini sekonde 19, moteri ni nzima, musiifungue, mutafute mu pine, mu ambreyaji, ao shofere hajui kuondoka. Ikifika na 120 tu, shevo zenye moteri inatoa ni kama 104, hapo njo mupime kompresio (nguvu ya kukamua hewa mu silinda). Na kupima kwenyewe isikuwe ku barabara ya Kasumbalesa, malori ya shaba haina freni ya kukungojea.