Fokker E.III: rashasha moja au mbili?

Ndugu yangu, umeuliza kama modeli yako ya Fokker E.III, ndege ya kivita ya Kijerumani ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uifunge rashasha moja au mbili. Weka moja. Kwa kawaida E.III ilibeba rashasha moja aina ya LMG 08 ya milimita 7.92, kwani injini yake ya nguvu za farasi 100 ingelemewa na uzito zaidi. Mbili ni za ndege iliyoifuata, E.IV, yenye injini ya nguvu za farasi 160.

Usikosee koti la mtutu, yaani bomba linaloufunika. Bunduki hiyo ilipotumika ardhini, koti lilijazwa maji; angani kazi ya kupoza ilifanywa na upepo, ndiyo maana limetobolewa matundu marefu kulizunguka. Ukiliacha bila matundu utaharibu kazi nzuri yote!

Halafu elekeza mtutu kwenye propela yenyewe, usiukwepeshe. Nundu iliyozungushwa na injini ilisukuma fimbo ya kufyatulia, na kila panga la propela lilipopita mbele ya mtutu bunduki ilinyamaza ili risasi zisilipige. Kwangu mimi, uzuri wote wa ndege hii uko hapo.

Kama moyo wako uko kwenye mbili, tafuta modeli ya ndege ya Albatros D.II ya mwaka 1916.