Anataja namba hadi 20, lakini vijiko 7 vinamshinda

Dada, umesema mwanao wa miaka 5 anataja namba hadi 20 bila kukosea, ila ukimwekea vijiko 7 anabahatisha tu. Usiwe na hofu. Kutaja namba ni kama kuimba wimbo. Kuhesabu vitu ni jambo jingine. Mpe vijiko 4 kwanza. Kila anachokihesabu akisogeze pembeni, namba moja kijiko kimoja, kisha muulize, "Vyote ni vingapi?" Akianza kuhesabu upya, ujue bado hajashika kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Rudieni hivyo hivyo kwa siku kadhaa, usikimbilie 10. Na mkiandaa meza, mwambie alete sahani za kuwatosha watu wote. Hapo anahesabu kwa sababu, na kwangu mimi hilo linashinda daftari lolote.

Kwenye kusoma, pigeni makofi kwa kila silabi: ki-ji-ko, makofi matatu. Msomee kila siku, kidole chako kikifuata maneno. Dakika 10 zinatosha kabisa. Ukiona ameanza kuchoka, acheni, mtaendelea kesho.