Mjakaranda au mkrismasi: upi unafaa bustani yako?

Kila masika yanapokaribia, jirani au ndugu hunijia na swali lile lile: apande mjakaranda au mkrismasi? Wengi huuliza wakiwa wamekwisha kuchagua kwa rangi ya maua, zambarau au nyekundu, ilhali rangi ingestahili kuangaliwa mwisho kabisa. Kwanza utazamwe mwinuko wa mahali unapoishi kutoka usawa wa bahari, halafu ukubwa wa kiwanja. Nimeitunza miti yote miwili katika bustani ya nyumbani Moshi, mji ambao kwa bahati nzuri unaipokea yote, na nimeiona ikiishi vingine kabisa kwa ndugu zangu wa Arusha na Tanga.

Asili ya kila mti inaeleza mengi. Mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini, kaskazini-magharibi mwa Argentina na kusini mwa Bolivia, ambako kiangazi huja pamoja na baridi. Mti huu hupenda kipindi kama hicho ili upukutishe majani, upumzike, kisha uchanue kabla majani mapya hayajajaa. Ndiyo maana Nairobi, iliyo katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, na Arusha, iliyo katika mita 1,400 hivi, hugeuka zambarau kati ya Septemba na Novemba, lakini mjakaranda niliouona Tanga ulikuwa na majani ya kupendeza na maua machache ya kuhesabika. Mkrismasi, ambao wataalamu huuita Delonix regia, asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska. Huo ni mti wa joto. Pwani huanza kuchanua karibu na Novemba na kuendelea hadi Januari, na katika wiki zake bora hauonyeshi jani hata moja kwa wingi wa maua. Ukiupeleka sehemu kama Njombe au Makete, ambako usiku wa Juni na Julai unaweza kuleta jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu, mche utaungua ncha na pengine kufa kabisa. Mjakaranda mchanga nao huumizwa na jalidi, ila ukishakomaa huvumilia baridi ya kiasi.

Kwa hiyo anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa na anataka maua, jibu langu ni mkrismasi bila kusita. Anayeishi Arusha, Iringa, Mbeya au Nairobi apande mjakaranda. Wenye haki ya kuendelea kujiuliza ni wakazi wa miinuko ya kati, kama sisi wa Moshi, na kwetu jambo linaloamua ni nafasi.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asipite haraka. Katika miji yetu kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni cha kawaida, na nyumba, chemba ya maji taka, tangi na sehemu ya kuegesha gari vikishachukua nafasi yake, kinachobaki ni ukanda mwembamba kando ya fensi. Mara nyingi mkrismasi hupandwa katika ukanda huo huo. Mti huu haurefuki sana, kwa kawaida mita 10 hivi, lakini matawi yake hutanda kama mwavuli hata upana wake ukaushinda urefu wake. Nusu ya kivuli itaangukia kwa jirani, na maganda yatamwangukia pia. Mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi, na shina likikomaa huota mbavu nene chini. Mizizi hiyo huinua pevingi, hupasua ukuta wa fensi na huingia katika mabomba yenye nyufa kufuata unyevu. Mimi siupandi ndani ya mita 10 kutoka kwenye msingi wa nyumba, chemba au bomba, na ningependa zaidi ya hapo. Mjakaranda hurefuka zaidi, mara nyingi kufikia mita 15, lakini umbo lake ni la kwenda juu, na ingawa mizizi yake nayo ina nguvu ya kusumbua sakafu za nje, mita 7 au 8 kutoka kwenye nyumba zinaniridhisha. Kwa kiwanja cha 20 kwa 20 kilichokwisha kujengwa, kusema kweli, sipendekezi mti wowote kati ya hii miwili, hata kama mwenye nyumba amekwisha kununua mche.

Kuotesha ni kazi rahisi, lakini mbegu zenyewe zinatofautiana. Mbegu ya mkrismasi ina ganda gumu linalozuia maji kupenya. Ukiizika ilivyo inaweza kukaa ardhini miezi mingi bila kuota. Ikwaruze upande mmoja kwa tupa au kwa msasa hadi rangi ya ndani ionekane, bila kugusa ile sehemu ndogo ambayo mbegu ilishikamana na ganda la tunda, au imwagie maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa na uiache ilowe hadi kesho yake. Zilizovimba zipandwe, zilizobaki kavu zirudiwe. Mbegu ya mjakaranda ni nyembamba na ina ubawa mwepesi kama karatasi. Ilowekwe usiku mmoja, itandazwe juu ya udongo wa kitalu na kufunikwa kidogo tu. Huota katika wiki mbili au tatu.

Miche isikae kwenye viriba hadi mizizi ianze kujizungusha chini, kwa sababu mti ulioanza hivyo hauji kushika ardhi vizuri, na siku ya upepo ndipo utakapolijua hilo. Unaponunua, usivutiwe na mche mrefu kuliko yote kitaluni. Chagua ule wenye shina nene, ulionyooka, wenye urefu usiozidi kiuno chako. Shimo la sentimita 60 kila upande linatosha. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza sawasawa, panda mvua zinapoanza, weka matandazo bila kuyagusisha na shina, kisha umwagilie katika viangazi viwili vya kwanza. Mahali penye mchwa kagua shina mara kwa mara, maana mche mchanga hutafunwa chini na wewe ukadhani umekauka kwa jua. Udongo unaotuamisha maji haufai kwa mti wowote kati ya hii.

Katika kupogoa, miti hii inataka mikono tofauti. Mjakaranda ukiukata kilele ili usirefuke, hujibu kwa kutoa machipukizi mengi yaliyosimama wima kama fito, na umbo lake la asili halirudi tena. Uache ukue, ondoa tu matawi makavu, yanayosuguana na yale ya chini yanayozuia njia. Mkrismasi kwa upande wake unahitaji kufundishwa ukiwa mdogo. Chagua shina moja la kuongoza, ondoa pacha lake mapema, na upandishe matawi ya chini kidogo kidogo hadi mtu aweze kupita wima. Mbao yake ni dhaifu, na panda (mahali shina linapogawanyika) nyembamba inayobeba matawi mawili mazito ndiyo inayopasuka wakati wa dhoruba. Sikubali gari liegeshwe chini ya mkrismasi mkubwa ambao haukuwahi kupogolewa.

Taka zipo kwa yote miwili. Vijani vyao vidogo huziba gata upesi kuliko majani mapana, kwa hiyo anayevuna maji ya mvua aweke wavu kabla ya kuyaingiza tangini. Maua ya mjakaranda yakilowa juu ya vigae huteleza vibaya, na nyumbani kwenye wazee hufagiliwa kila asubuhi bila mjadala. Mkrismasi hutoa maganda magumu yanayoweza kufikia sentimita 60, yakaning'inia miezi mingi, meusi, hata baada ya majani kudondoka. Wapo wanaoyaona mabaya; mimi hukausha na kuyatumia kuwashia jiko. Nyasi za bustani hudhoofika chini ya miti yote miwili, na ni afadhali kuweka kokoto au matandazo mapema kuliko kupanda nyasi kila mwaka.

Kuhusu subira, mkrismasi unaotokana na mbegu, mahali pa joto, unaweza kuchanua baada ya miaka minne au mitano, ingawa mingine huchelewa zaidi. Mjakaranda wa mbegu huchukua miaka saba na kuendelea.

Mwenye eneo kubwa Moshi au Morogoro akitaka yote miwili, aitenganishe kwa mita 15 angalau. Yote hupenda jua kamili, na ikikaribiana, mkrismasi hutanda juu ya mwenzake ungali mdogo, nao mjakaranda huinama kuitafuta nuru na kukua ukiwa umepinda.