Sanamu ya Ganesha: nimwachie fundi aipake rangi upya?

SWALI: Habari za kazi hapo. Nimenunua sanamu ya mbao ya Ganesha, yule mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha ndovu, muuzaji ameniapia imetoka hekaluni Tamil Nadu na ina miaka 200. Rangi inabanduka vibaya, fundi wangu anasema ataipiga msasa aipake upya ing'ae. Nimruhusu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mwambie asiiguse! Hiyo rangi inayobanduka ndiyo ushahidi wako wote, ukishaipiga msasa umebaki na pambo tu la sebuleni. Washa tochi ya simu uangalie pale ilipobanduka, sanamu za zamani mara nyingi zilipakwa kwanza utando mweupe wa chokaa na gundi, halafu zikapakwa tena na tena miaka ilivyoenda, kwa hiyo unaweza kukuta nyekundu, chini yake kijani, chini yake tena nyekundu nyingine imefifia. Ukikuta rangi moja halafu mbao mbichi, hapo ushaelewa.

Sasa igeuze, maana mbele kila mtu anachonga vizuri lakini mgongoni ndiko wanakosahau. Ukiona alama za msumeno wa duara, au skrubu za kichwa cha nyota (skrubu hizo zilianza kutumika miaka ya 1930), basi ama ni mpya ama ilikarabatiwa, muulize muuzaji ni lipi. Matundu ya wadudu nayo yawe yamekaa ovyo, yakiwa yote sawa na yamenyooka hiyo ni drili. Na uchakavu uwe pale mikono inapopita, tumboni na miguuni, sio sanamu nzima imechakaa sawasawa kama suruali ya jinzi ya dukani.

Ila mimi hiyo hadithi ya hekaluni ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Sheria ya India ya mwaka 1972 haimruhusu mtu binafsi kutoa nje ya nchi sanamu iliyofikisha miaka 100. Kwa hiyo kama muuzaji ni muongo umelipia uongo, na kama ni mkweli basi akuonyeshe karatasi za lini ilitoka India na kwa njia gani, na wengi ukiwauliza hivyo wanakumbuka ghafla kwamba kumbe ni ya juzijuzi tu.

Kwa sasa ipanguse vumbi kwa brashi laini kavu, bila maji wala mafuta ya taa, na iweke mbali na dirisha na eisi.