Ukitaka Kumsoma Pickwick, Punguza Mwendo

Mara mbili nilikianza kitabu cha mwandishi Mwingereza Charles Dickens kiitwacho The Pickwick Papers, kinachosimulia safari za Bwana Pickwick na rafiki zake, na mara zote mbili nilikiweka chini kabla ya kufika sura ya 10. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nikikibugia kama riwaya ya upelelezi, kurasa mia kwa usiku mmoja, nikitafuta kisa kimoja kinachovutana tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali kitabu chenyewe hakikuandikwa hivyo.

Dickens alikianza mwaka 1836, akiwa na umri wa miaka 24, na kikawa kinatoka kwa vijitabu vyembamba vya kila mwezi, shilingi moja kimoja, hadi Novemba 1837. Sisi tuliokua na hadithi za magazetini zenye "itaendelea toleo lijalo" tunaujua utamu na adha ya kusubiri namna hiyo. Wazo la awali halikuwa hata la Dickens: mchoraji Robert Seymour ndiye aliyetaka vichekesho vya watu wa mjini wanaojifanya wawindaji, na maneno yawe ya kusindikiza picha tu. Baada ya toleo la kwanza Seymour alijiua, na tangu hapo Dickens ndiye akawa mwenye hadithi. Kwa hiyo ukiona sura za mwanzo zinayumba, usijilaumu. Bwana Winkle, mmoja wa rafiki wa Pickwick, mwindaji wa maneno matupu ambaye analenga ndege akampata rafiki yake Tupman mkononi, ni masalio ya mpango ule wa kwanza.

Mara ya tatu nilijiwekea sharti: sura tatu kila Jumamosi, kisha kitabu kinafungwa, hata hadithi iwe imenoga vipi. Maneno ya tapeli Jingle niliyasoma kwa sauti, kwa sababu mtu huyo hamalizi sentensi. Anadondoa neno hapa na neno pale, na ukimsoma kimyakimya unampoteza. Visa vya pembeni wanavyosimuliana wasafiri niliviruka vingi, wala sioni haya.

Cha muhimu ni kuvumilia hadi sura ya 10, ambapo Sam Weller anatokea akisugua viatu katika nyumba ya wageni ya White Hart, London. Anapoulizwa ni akina nani waliolala humo, hataji jina la mtu hata mmoja, bali anawahesabu kwa viatu vyao: yupo mguu wa mti chumba cha 6, zipo buti ndefu chumba cha 13, na kuendelea. Pickwick anamwajiri awe mtumishi wake, na kuanzia hapo mzee mwema asiyeujua ulimwengu anapata kijana anayeujua hadi vichochoro vyake. Mauzo ya vijitabu yalipanda sana baada ya Sam kuingia, na mimi sishangai.

Kuna watakaokushauri uishie kwenye kesi, pale Bi. Bardell, mwenye nyumba, anapomshtaki Pickwick kwa kuvunja ahadi ya ndoa ambayo hakuitoa, na wakili Buzfuz anaishikilia barua fupi ya kuagiza nyama na mchuzi wa nyanya kana kwamba ni barua ya mapenzi. Ni kweli kwamba hapo ndipo penye kicheko kikubwa kuliko pote. Hata hivyo usiishie hapo, kwa maana Pickwick anashindwa kesi, anakataa kulipa fidia ya pauni 750 na anaingia gereza la wadeni la Fleet, na Dickens, ambaye baba yake alifungwa kwa deni yeye akiwa na miaka 12, anaandika kama mtu anayepajua mahali. Humo Pickwick anamkuta Jingle, mwili umekwisha kwa njaa, akieleza kwa sentensi zake zilezile zilizokatika kwamba jozi moja ya buti, aliyoiweka rehani, imemlisha wiki mbili nzima. Jumamosi hiyo sharti langu lilinishinda, nikasoma hadi alfajiri.