Kabla ya Kuiachia Kompyuta, Zihesabu Spini Zako

Ninawaandikia wanafunzi wa fizikia ambao, kama mimi nilipokuwa nimepanga chumba kimoja pale Ngara, wana kipakatalishi tu, na bado wanataka kuzielewa sumaku ambazo spini zake (visumaku vidogo vya atomi) haziwezi kuridhika zote kwa pamoja.

Chukua spini tatu kwenye pembetatu, kila moja ikitaka kumpa jirani yake kisogo: mbili zikishaelewana, ya tatu haina pa kuelekea. Sasa unganisha pembetatu nyingi kama hiyo ziwe tabaka. Fizikia isiyo ya kikwanta inasema kwamba, kwenye sufuri kamili ya halijoto, uga wa sumaku wa nje ukiongezwa polepole usumaku hupanda kwa mstari ulionyooka hadi kileleni. Mitikisiko ya kikwanta, yaani spini kutotulia hata kwenye sufuri hiyo, haikubali. Usumaku ukifika theluthi ya kilele chake hugoma, spini mbili zikifuata uga na ya tatu ikiupinga, na hukaa hapo ingawa uga unazidi kuongezeka. Wanafizikia Chubukov na Golosov waliueleza mgomo huo mwaka 1991. Baadaye ulionekana katika fuwele ya Ba3CoSb2O9, yenye matabaka ya pembetatu za kobalti, kati ya takriban tesla 10 na 15 (tesla ni kipimo cha uga), uga ukiwa sambamba na matabaka hayo.

Mimi niliutafuta kwa spini 16, nne kwa nne. Feni ilivuma usiku kucha, na asubuhi grafu ya usumaku dhidi ya uga ilikuwa na ngazi nyingi, yaani sehemu bapa ambapo usumaku haupandi, ila ya theluthi haikuwepo. Niliilaumu programu, nikaiandika upya yote, nikapata grafu ileile. Mwalimu wangu aliitazama, akaniuliza, "Theluthi ya 8 ni ngapi?" Spini 16, kila moja ikiwa nusu, zikikubaliana zote hutoa jumla ya 8, na jumla hiyo hupungua kwa moja moja; 8 haigawanyiki kwa 3. Nilikuwa nimekifungia nje kitu nilichokitafuta.

Tangu hapo huanza na nafaka. Panga mahindi, maharagwe na ndengu mezani (ndiyo, karibu githeri), aina tatu kwa pembe tatu za kila pembetatu, ili nafaka za aina moja zisipakane, kisha ukumbuke kwamba kwenye hesabu ukingo wa kulia unaungana na wa kushoto. Kwenye safu ya nafaka nne, mahindi hurudi kukutana na mahindi. Kwenye safu ya nafaka tatu au sita, hakuna ugomvi.

Usirudie hesabu kwa kila thamani ya uga, kosa lililonipotezea wiki nzima. Katika modeli ya Heisenberg, ambamo nishati ya spini jirani hutegemea tu pembe iliyo kati yao, uga ulio sawa kila mahali haubadilishi jumla ya spini kwenye mwelekeo wa uga huo, kwa hiyo tafuta nishati ya chini kabisa ya kila jumla mara moja tu, kisha kwenye nishati hiyo utoe uga mara jumla hiyo, na uchague jibu dogo kabisa. Spini 36 zina hali (mipangilio ya juu na chini) 68,719,476,736, lakini zilizo kwenye theluthi ni 1,251,677,700.

Wala usishangilie ngazi ya kwanza utakayoiona, maana mfumo mdogo hutoa ngazi kila mahali. Pima upana wa ile ya theluthi kwa spini 9, kisha kwa 36 ukiazima mashine kubwa zaidi: ngazi za kawaida zitakuwa zimesinyaa, na ya mgomo itakuwa bado pana.