Mchezo wa Maswali Darasani: Kwa Walimu Wapya wa Mtwara na Lindi

Mwalimu uliyepangiwa Tandahimba, Liwale, Ruangwa au Mtwara mjini, huenda umetoka chuoni umeshaionja Kahoot au Quizizz, zana za mchezo wa maswali za mtandaoni, na unatamani kuingia nazo darasani. Ingia nazo. Ila ujue mapema kwamba kazi kubwa ya zana hizi si kumpata mshindi. Ni kukuonyesha darasa limekosea wapi, saa ileile, ukiwa bado na chaki mkononi. Hilo likikukaa kichwani, mambo ya vifaa, muda na alama hayatakusumbua kuamua.

Tuanze na vifaa, kwa sababu ndivyo vinavyowakatisha tamaa wengi. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na shule nyingi za kata hazina kompyuta za kutosha mkondo mmoja. Kwa hali hiyo anzia Plickers, zana nyingine ya aina hiyo. Hapa kifaa kinachohitajika ni kimoja tu, simu yako au kishikwambi, kama vile vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu. Mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro wa miraba myeusi na namba yake. Kila upande wa kadi una herufi, A, B, C au D. Akichagua B, anaigeuza kadi hadi B iwe juu. Wewe unapitisha kamera taratibu kutoka upande mmoja wa darasa hadi mwingine, na skrini inakuonyesha nani kapata na nani kakosa. Kila kadi ina mchoro wake na herufi ni ndogo, kwa hiyo kuchungulia kwa jirani hakumsaidii mtu.

Kadi hupakuliwa bure. Seti ya kawaida ina kadi 40, mbili kwa kila karatasi ya A4, yaani karatasi 20 za kuchapisha. Seti kubwa ina kadi 63. Zibandike kwenye manila ili zisijikunje. Usizitie plastiki ya kung'aa, maana mwanga wa dirishani ukigonga plastiki, kamera haioni mchoro. Tatizo jingine la kila siku ni vidole. Mtoto akishika kadi katikati anaziba miraba na kadi haisomeki, basi wafundishe kushika pembeni na kuiweka mbele ya kifua bila kuitikisa. Benchi la nyuma likikataa kusomeka, sogea wewe, usiwapigie kelele. Darasa likizidi wanafunzi 63, toa kadi moja kwa wawili na waache wabishane kabla ya kuinua. Tungependekeza hivyo hata kwa darasa dogo, kwa sababu ubishi wa dawati ndio unaofundisha zaidi.

Kama shule ina chumba cha kompyuta na projekta, Kahoot inafaa. Maswali yanatokea ukutani, wanafunzi wanaingia kwa pini na kubonyeza rangi. Quizizz, ambayo tangu 2025 inaitwa Wayground, humwonyesha kila mwanafunzi swali kwenye skrini yake mwenyewe na huenda kwa kasi yake, hivyo projekta si lazima. Ukitumia hotspoti ya simu, kumbuka simu nyingi hukubali vifaa 8 hadi 10 tu. Kifaa cha kumi na moja kikigoma kuunga, tatizo si mtandao. Weka vikundi vya wanne kwa kila kompyuta, na bando la kawaida litatosha mradi maswali yasiwe na video. Mipaka ya akaunti za bure hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo fungua mchezo wako jioni ya kuamkia kipindi uone unaruhusiwa wachezaji wangapi.

Sasa maswali, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Maktaba za zana hizi zina maelfu ya maswali ya bure, mengi yametungwa kwa mitaala ya nje, yana dola, Fahrenheit na majira ya theluji. Chukua wazo, tunga upya. Na unapotunga, nguvu nyingi ziende kwenye vipotoshi, yaani machaguo yasiyo sahihi, si kwenye jibu sahihi. Kila kipotoshi kiwe ni kosa ambalo mwanafunzi hulifanya kweli. Mfano, 1/2 + 1/3. Jibu ni 5/6. Weka 2/5, ambalo hulipata aliyejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Weka 1/6, ambalo hulipata aliyezidisha. Weka 2/6, ambalo hulipata aliyetafuta asili ya pamoja akasahau kubadili namba za juu. Ukiona nusu ya darasa imechagua 2/5, umeshajua somo la kesho bila kusahihisha daftari hata moja. Lakini ukiweka 17 au 100 ili kujaza nafasi tu, chaguo hilo halitakuambia lolote.

Mfano wa pili, wa huku kwetu: kwa nini mikorosho hupuliziwa salfa? Watoto wa Newala na Nachingwea wameiona kazi hiyo kwa macho. Weka: kuua wadudu, kuzuia ubwiriunga, kurutubisha udongo, kuua magugu. Wengi watakimbilia wadudu, kwa kuwa kila kinachopuliziwa wanakiita dawa ya wadudu. Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu, na salfa huzuia ukungu. Simama hapo, uliza mbu wa mikorosho na ubwiriunga vinatofautianaje, na somo zima la vimelea litapata mlango wa kupitia. Swali moja la namna hii lina faida kuliko kumi ya kuuliza mwaka na jina.

Muda ni jambo ambalo walimu wapya hulipuuza. Kahoot hukuwekea sekunde 20 usipobadilisha, na alama za kawaida huanzia 1000, zikishuka kadiri mtu anavyochelewa, hadi karibu 500 kwa aliyepatia sekunde ya mwisho. Kwa saa ya sekunde 20, aliyejibu sahihi kwa sekunde 4 anapata 900, na aliyejibu sahihi kwa sekunde 14 anapata 650. Wote wanajua, lakini mmoja ameachwa alama 250. Weka sekunde 60 kwa swali lilelile: wa kwanza anapata 967, wa pili 883. Pengo limebaki 84. Sekondari, ambako swali limeandikwa kwa Kiingereza, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anatumia sekunde hizo kumi kusoma tu. Saa fupi inapima usomaji wa Kiingereza, haipimi Baiolojia. Kwa hiyo: sekunde 60 au 90 kwa swali la kufikiri, 120 likiwa na hesabu ya kuandika pembeni, na lisome kwa sauti wewe mwenyewe kabla machaguo hayajatokea. Quizizz ina uwezo wa kuzima saa kabisa, nasi tunaona ndiyo mpangilio mzuri kwa marudio ya mitihani.

Katika kipindi cha dakika 40 usizidishe maswali 8. Hesabu iko hivi: dakika 5 za kuingia, kama dakika 1 ya kila swali, dakika 2 hadi 3 za kulijadili. Maswali 20 yataingia tu ukifuta mjadala, na ukifuta mjadala umebaki na kelele. Grafu ya majibu ikitokea, usibonyeze kuendelea. Muulize aliyechagua kipotoshi kilichopendwa alifikiri nini, na umwulize kwa upole, maana akicheka mtu hapo, kuanzia swali la tatu wataanza kunakili kwa wanaojua. Ubao wa washindi unaweza kuuruka haraka. Mtoto wa mwisho tayari anajua ni wa mwisho.

Majina ya utani yanavuruga ripoti na wakati mwingine yanaleta matusi ukutani. Waingie kwa namba ya mahudhurio: 07, 23, 41. Kwenye vikundi, waandike namba ya anayeanza kushika kifaa, na kifaa kizunguke kila swali, la sivyo mmoja atacheza na watatu watatazama.

Umeme ukikatika au mtandao ukizama, na utazama, usikae dakika 15 ukiwasha na kuzima. Uwe na maswali yaleyale kwenye karatasi na vipande vya manila vyenye A, B, C, D. Yaandike ubaoni, wanyanyue vipande, hesabu kwa macho, andika idadi pembeni ya kila herufi. Grafu unaichora kwa chaki. Mjadala unaendelea kama kawaida.

Baada ya kipindi pakua ripoti, siku hiyohiyo. Anza na safu ya maswali, majina baadaye. Swali lililopatiwa na chini ya nusu ya darasa, lifundishe upya, kisha baada ya wiki moja litunge kwa sura nyingine, kwa mfano 2/3 + 1/4 badala ya 1/2 + 1/3, uliingize kati ya maswali ya mada mpya. Lililopatiwa na karibu wote, angalia kama vipotoshi vilikuwa dhaifu kabla ya kufurahi. Kisha tafuta namba zinazokosa maswali yote marefu lakini zinapatia mafupi. Hao wakalishe karibu na ubao na uwape swali lilelile kwa mdomo.